Kilo Sita za Kigingi

Kigingi alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa mwisho wa sekondari, pale kocha wake wa judo alipomtaka apunguze kilo sita kwa siku kumi na mbili. Jina hilo alipewa na wenzake wa klabu kwa sababu ukimvuta haji, ukimsukuma haendi. Alipigana kundi la kilo sitini na tatu, na kwa miaka miwili hakuna msichana aliyewahi kumbwaga.

Sababu haikuwa siri. Binti wa kocha alikuwa ameongezeka mwili, kundi lake la kilo hamsini na saba halimtoshi tena, sasa alihitaji la Kigingi, na kwenye mashindano ya shule kila klabu ina nafasi moja tu kwa kila kundi. Kocha alimshika Kigingi bega, akamweleza kwa upole kama anayempa zawadi kwamba huko chini hana mpinzani, medali ni yake. Kigingi akakubali, tena akashukuru. Baadaye, hiyo asante ndiyo iliyomkereketa kuliko yote.

Siku zile aliishi kwa chai kavu na vipande vya tango. Mchana alikimbia amevaa makoti mawili na mfuko wa plastiki ndani yake, darasani akitema mate kwenye chupa ili maji yamtoke. Mama yake, fundi cherehani, alimpunguzia sketi ya shule mara moja. Alipoletewa tena, aliitupa mezani, akasema yeye kazi yake ni kupunguza nguo, si kupunguza mtu. Kigingi akaibana sketi kwa pini.

Asubuhi ya mashindano mizani ilisoma hamsini na saba na gramu mia tatu. Akapewa saa moja kuzipunguza hizo gramu. Akaenda kupanda na kushuka ngazi za jukwaa, na safari ya tisa macho yakaingia giza. Alizindukia zahanati, dripu mkononi. Kocha alichungulia mlangoni, akasema klabu imepoteza pointi, akaondoka kwenda kumtazama binti yake.

Kigingi hakulia. Alifura kwa hasira. Siku mbili baadaye alifua vazi la judo, akalikunja vizuri, akaenda kuliweka juu ya meza ya kocha bila hata salamu.

Shuleni kulikuwa na timu ya raga ya wasichana, iliyofundishwa na mwalimu wa fizikia, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Kigingi alipokwenda kuomba nafasi, mwalimu alimuuliza leo amekula nini. Akadhani anataniwa. Mwalimu akarudia swali, na hakumruhusu kugusa mpira mpaka amalize mkate na mayai mawili mbele yake.

Aliingia uwanjani na hasira zake zote. Mazoezini aliwabwaga wenzake kama vile kila mmoja ana uso wa kocha. Kwenye mechi ya kwanza alidaka mpira akakimbia peke yake, wawili wakamkamata, akaanguka nao akaukumbatia. Kanuni ya raga ni kwamba ukiangushwa, unauachia. Yeye miaka sita alikuwa amefunzwa kushika tu. Refa akapuliza filimbi mara moja, mara mbili, na ya tatu wapinzani wakapewa pigo la adhabu mbele ya goli, wakashinda kwa pointi tatu.

Katika chumba cha kubadilishia nguo akawafokea wote, akiwauliza walikuwa wapi.

"Nyuma yako, hatua mbili," nahodha alimjibu bila kupaza sauti. "Umegeuka hata mara moja?"

Swali hilo likazidi kumpandisha mori. Siku nne hakwenda mazoezini. Alizunguka nyumbani akibamiza milango, mpaka mama yake akasimamisha cherehani.

"Aliyekukosea hayumo kwenye timu hiyo, mwanangu," alisema. "Wale unawaonea."

Kigingi akarudi, amekunja uso vilevile. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alimwomba nahodha amfundishe kuanguka: mgongo kwa adui, mpira nyuma kwa wenzako, mikono iachie. Ilimwuma. Kwake kuanguka kulikuwa kushindwa, na hapa alitakiwa aanguke kwa hiari, mara hamsini kwa siku.

Mwezi wa pili wa mazoezi hayo kocha wa judo akatokea pembeni ya uwanja. Binti yake alikuwa ameacha mchezo. Nafasi ya kilo sitini na tatu iko wazi, alisema, yaliyopita wayasahau.

"Huku utaumizwa bure, mwanangu, halafu medali mgawane watu kumi na watano."

"Nilizimia, kocha, wewe ukahesabu pointi. Hukuniuliza hata kama napumua."

"Hasira zitakuharibia kipaji."

"Na kiharibike. Ni changu."

Kocha akaondoka akitikisa kichwa. Kigingi akarudi uwanjani kufanya mazoezi ya kuanguka.

Msimu huo timu ilishinda mechi nne, ikapoteza tatu. Kigingi alifunga mara moja tu. Jambo jingine alilofanya ni kuandika barua ya kumshtaki kocha. Aliiandika na mama yake, wakaambatisha karatasi ya zahanati, wakaipeleka ofisi ya michezo. Karani akaigonga muhuri. Miezi mitano sasa hakuna jibu, na kocha bado anafundisha watoto wa watu. Kila Jumatatu Kigingi hupita dirishani pa ofisi hiyo kuuliza. Karani akimwona anakuja hujifanya anatafuta faili, naye humngoja mpaka atakapoinua kichwa, amuulize tena barua imefika kwa nani, kisha ndipo aende mazoezini.