Jinsi mzee wangu alivyoendesha treni ya Uingereza kwenye theluji, akiwa sebuleni kwangu Berea, Joburg

Wakuu, habari za majukumu.

Leo nimekuja kujisifia. Nasema mapema ili wasiopenda kusikia mtu akijisifia wapite kushoto. Ninayoandika yametokea sebuleni kwangu nikiona kwa macho yangu, na shahidi mkuu yuko Tabora hivi sasa anatafuna karanga.

Uzi ni mrefu kidogo, chukua chai.

Mimi ni Mtanzania, mtoto wa reli, nimekulia nyumba za reli Tabora. Joburg nipo miaka mingi sasa. Natengeneza friji na viyoyozi vya maofisi kule Randburg, nyumbani ni flat Berea, kwenye jengo ambalo lifti yake inafanya kazi ikijisikia. Mke wangu Thandi ni Mzulu. Tuna binti mmoja, yuko darasa la nne, anaitwa Zuhura. Ni jina la marehemu mama yangu.

Huyu Zuhura Kiswahili anakisikia chote. Ukimtuma rimoti analeta, ukimsema ananuna. Ila kukitamka hataki. Anakujibu Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu. Wenye watoto waliozaliwa huku mnanielewa. Mlioko nyumbani endeleeni tu kutucheka.

Sasa mzee wangu.

Mzee alikuwa dereva wa treni, reli ya kati, mpaka kustaafu kwake. Sisi wanawe tulikuwa tunaijua honi yake kabla treni haijatokeza, na siku hiyo tunatembea mtaani kwa maringo kana kwamba reli yote ni ya baba. Mpaka leo mtu akiniambia baba yake alikuwa meneja, namjibu wangu alikuwa dereva wa treni, halafu namwacha afikirie.

Mwaka huu nikamkatia tiketi aje kwenye likizo ya shule. Kwenye simu aliniambia hivi:

"Mwanangu, magoti yamegoma. Hii ndiyo safari yangu ya mwisho ya mbali. Nataka nikae na huyo Zuhura tuongee, anijue kabla sijaondoka duniani."

Hilo tu ndilo alilokuja kutafuta. Shikeni hapo.

Akaja, na baridi ya Joburg ikampokea. Mimi na Thandi asubuhi tunaenda kazini, wao wawili wanabaki. Mzee anajitahidi, anamuuliza mtoto amelalaje, anapenda kula nini. Mtoto anajibu neno moja la Kiingereza kwa adabu zote, kisha kimya. Kiingereza cha mzee ni cha kazini, cha breki na injini, hakimfikishi kwenye maongezi ya mtoto wa kike wa darasa la nne.

Nikirudi jioni nawakuta kila mmoja kona yake ya kochi, hita katikati.

Haikufika hata wiki mzee akaniita pembeni.

"Nibadilishie tiketi nirudi. Mtoto ananiona mgeni. Usimgombeze, hana kosa."

Wakuu, iliniuma. Bora angenifokea.

Nikamwomba asubiri mpaka Jumatatu. Jumamosi sikwenda kazini, nikasema ngoja nimtafutie video za reli ya nyumbani angalau achangamke. Nikapata moja, fupi, imepigwa dirishani na abiria mwenye mkono unaotetemeka. Ikaisha, nami nikaenda zangu kupaka mkate siagi. TV ikajiendea yenyewe kwenye video nyingine.

Ilikuwa treni ya Uingereza, na kamera imefungwa mbele kabisa, pale anapoangalia dereva. Vijijini, na theluji imemwagika kila mahali. Mashamba meupe, miti meupe, mapaa ya nyumba meupe, kondoo tu ndio wamechafuka. Haina mtangazaji wala muziki, ni treni inakwenda.

Mzee akasogea mbele.

"Reli ziko wapi?"

Nikamwambia zimefunikwa na theluji, inaonekana mistari miwili tu kwa mbali.

"Na anakimbiza namna hii?"

Akanyanyuka na magoti yake mabovu, akavuta kiti cha mezani akakiweka mbele ya TV. Akakaa mgongo umenyooka, mkono wa kushoto mbele yake kama umeshika kitu. Mbele kwenye kona ikatokea taa.

"Kijani!"

Alivyopaza sauti mkate ulinidondoka. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu utotoni.

Hapa nieleze kidogo kwa wasioijua kazi. Kwenye kichwa cha treni wanakaa watu wawili, dereva na msaidizi wake. Anayeiona taa anaitaja kwa sauti, na mwenzake lazima aiangalie kwa macho yake aitaje pia. Ukinyamaza, mwenzako hajui kama umeona au umesinzia. Mzee alikuwa mkali sana kwenye hilo, mpaka nyumbani ukiitwa ukakaa kimya anakuambia ungekuwa msaidizi wake angekushusha stesheni inayofuata.

Ikatokea taa nyingine. "Kijani!" Kimya. Akanigeukia, na mimi mdomo umejaa mkate.

Kutoka nyuma ya kochi nikasikia, "Green."

Zuhura. Mzee hakugeuka.

"Kwenye kichwa changu taa zinatajwa kwa Kiswahili."

Moyoni nikasema basi tena, mtoto ananuna sasa hivi. Akasimama pale pale, kidole mdomoni. Treni ikapita chini ya daraja, ikapita kanisa dogo lililofunikwa theluji, taa ikatokea.

"Kijani!"

"Kijani," akasema kwa sauti ndogo.

"Unamwambia nani?"

"Kijani, Babu."

"Babu hayupo humu. Humu kuna dereva."

Mtoto akacheka. Akaburuta kiti chake akakiweka kando ya kile cha mzee.

"Kijani, dereva!"

Thandi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniangalia. Mimi nikajifanya naokota mkate.

Mbele kidogo taa ikaja imebadilika, njano mbili kwa pamoja. Mzee akasema kwao hizo hazikuwepo, zina maana gani? Mimi sijui, mimi ni mtu wa friji. Zuhura akachukua simu yangu, akatafuta, akasoma kwa Kiingereza. Kisha akakwama, maana ilibidi amweleze mzee.

"Dereva, njano mbili ni... mbele iko njano moja. Halafu iko nyekundu. Kwa hiyo wewe anza polepole."

Tangu azaliwe sijawahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu hivyo. Mzee akarudisha mkono taratibu, anashika breki ambayo haipo, na usoni anameremeta.

"Nimepata msaidizi," akasema.

Sasa kichekesho. Thandi akaleta chakula, akapiga goti kama kwao wanavyomheshimu baba mkwe. "Baba, karibu chakula," hayo maneno ameyafanyia mazoezi wiki nzima. Mzee hata hakugeuka! Thandi akarudi jikoni macho yamelowa, akidhani kamkosea. Kabla sijamfikia, Zuhura kashamkimbilia, anamweleza kwa Kizulu kwamba dereva hali katikati ya njia, anakula stesheni. Ilipofika stesheni, mzee akanawa akala pap, ugali wa huku, na nyama haraka haraka kabla treni haijaondoka, akamshukuru mkwewe mara nyingi. Thandi alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu sikubadilisha tiketi, na wala mzee hakuniuliza.

Ikawa kila nikirudi nakuta viti viwili mbele ya TV na Uingereza yote imejaa theluji. Katikati ya taa na taa kuna nafasi ya maongezi, na hapo ndipo mtoto alipoanza kuuliza. Babu, ng'ombe akikaa kwenye reli unafanyaje? Babu, mvua ikila tuta la reli? Babu, bibi Zuhura alikuwa anaogopa? Mzee akamwambia bibi yake alikuwa akisikia honi anabandika ugali, na kwa muda atakaotumia mzee kutembea kutoka stesheni, ugali unakuwa tayari. Hilo hata mimi sikulijua. Nililisikilizia koridoni, begi la kazi bado liko begani.

Siku ya kuondoka ikafika. Mabegi yako mlangoni, wao bado wako njiani, na umeme ukakatika. Eish, umeme wa Joburg. Treni imebaki porini kwenye theluji.

Nikasema mzee twende, ndege haisubiri. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Nani anaacha treni katikati ya njia?"

Zuhura akaomba simu yangu, akaitafuta ile video pale pale ilipoishia. Tukashuka ngazi, wakakaa kiti cha nyuma, safari ikaendelea. Mimi naendesha kwenda airport, wao wanaendesha Uingereza. Ila tumefika pa kuagana na treni yao bado haijafika mwisho.

Sasa mjue, madereva wakipokezana hawaachiani tu treni na kuondoka. Anayeshuka anamweleza anayepanda hali yote, na anayepanda anarudia ili ijulikane amesikia. Mzee akaegemea fimbo yake mbele ya Zuhura, watu na mikokoteni yao wanatupita.

"Breki zinashika. Honi nzima. Mbele kuna theluji, reli hazionekani. Fuata taa."

Zuhura akasimama wima na simu yangu kifuani.

"Breki zinashika. Honi nzima. Mbele kuna theluji, reli hazionekani. Nafuata taa."

"Treni ni yako."

"Treni ni yangu, dereva."

Wakapeana mikono kama watu wazima. Mzee akaingia ndani bila kugeuka, na mabega yake nilivyoyaona yalikuwa yale ya Tabora, ya siku ameingiza treni salama. Nililia wakuu, na sioni aibu kuwaambia.

Tukaanza kurudi nyumbani. Tukafika kwenye robot, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku. Nyekundu, nikasimama. Ikabadilika.

"Kijani!" sauti kutoka nyuma.

Nikataka kuondoka.

"Baba, hujajibu."

Teksi nyuma yangu inapiga honi, dereva wake ananitukana kwa lugha zote za nchi hii. Binti yangu kanikazia macho kwenye kioo, hataki kupita taa ambayo haijajibiwa. Macho ya mzee kabisa.

"Kijani, dereva," nikajibu. Tukaondoka, na tumeitana hivyo kila robot mpaka Berea.

Nilichojifunza ni kwamba miaka yote nilikuwa namwambia mtoto aongee Kiswahili, na sikuwahi kumpa kazi ya kufanya kwa Kiswahili. Babu yake alimpa. Mlio ugenini na watoto, ninyi mmefanyaje? Tupeane mbinu hapa.

Na kama kuna mtu ana video ndefu ya reli ya kati, iliyopigwa kutoka kwenye kichwa, kuingia Tabora, tafadhali anitumie. Dereva wangu ameimaliza ile ya theluji. Ameniambia kwa Kiswahili chake mwenyewe kwamba sasa anataka njia ya babu.