Bunduki za Mjomba Zipate Mwenyewe Angali Hai

Ipo Jumapili moja naikumbuka, mwanangu, kwa sababu majuma mengi kabla yake nilikuwa silali vizuri. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mjomba akiaga dunia, bunduki zake nizipokee au nizikimbie?

Tulikuwa Durban, miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Lubumbashi, nilikosomea uchumi, kisha vita vikanisukuma kusini, na kazi niliyoipata ilikuwa kulinda magari mbele ya maduka ya Overport. Nilikaa kwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyefika huko ujanani, akafanya kazi bandarini mpaka akapata uraia. Mkewe alikuwa amefariki. Alibaki na binti mmoja, Nono, mzaliwa wa hapo hapo.

Kwetu Katanga, katika ukoo wetu, bunduki ya mwindaji haimwendei mtoto wake. Humwendea mpwa, mtoto wa dada. Na mpwa haulizi, maana kuuliza ni kama kumpimia mzee kaburi angali anatembea. Mjomba naye hasemi. Anakupa tu bunduki uishike wakati anazipangusa nyingine, nawe unaelewa. Kila Jumapili baada ya kanisa mjomba alifungua sefu yake ya chuma, akatoa bunduki zake za kuwindia, zote za leseni, akanishikisha moja moja. Nilizishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa jirani.

Mimi nilikuwa kijana wa mawazo mengi, na mwenye mawazo mengi akikosa jibu huanza kudadisi. Kulikuwa na polisi mmoja aliyeegesha gari lake kwenye zamu yangu. Nikamuuliza habari za bunduki za marehemu, kama mtu anayepiga soga tu. Akaniambia leseni ni ya mtu, si ya bunduki. Mwenyewe akifa, anayebaki nazo nyumbani bila kibali anaweza kukamatwa, hata awe mtoto wa marehemu.

Hapo hofu yangu ikapata sura. Mimi nilikuwa na karatasi ya kuomba ukimbizi tu; leseni nisingeipata. Mjomba alikuwa ameanza kukohoa, akipanda ngazi anapumzika katikati. Siku akiondoka, Nono angebaki na sefu iliyojaa bila kibali, na wezi wa siku zile walivunja nyumba wakitafuta bunduki hasa. Lakini nikisema, si nitakuwa nimemtabiria kifo? Mficha uchi hazai, walisema wazee wetu. Hao hao walisema pia mpwa asiulize.

Jumapili ile nikashindwa kujizuia.

“Yomba,” nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mjomba, “naweza kuuliza kitu?”

“Uliza. Usipouliza utapata vidonda vya tumbo.”

“Siku sefu hii ikikosa mwenyewe, nani atakuwa na ruhusa ya kuifungua?”

Akaweka kitambaa chini. “Sasa unanizika mbele hata chai sijamaliza?”

Nono akacheka kutoka jikoni. “Papa, mwache. Huyu hata robot ikiwa kijani anasimama aifikirie kwanza.” Robot, mwanangu, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani kule.

Mjomba hakucheka. “Bunduki ni zako. Mupwa njo mwenyewe,” akasema kwa Kiswahili cha kwetu, yaani mpwa ndiye mwenye mali. “Iko vile tangu wazee.”

“Serikali haitanipa leseni, Yomba. Nono angeweza kuomba, yeye ni raia.”

“Mwanamke hapokei bunduki ya ukoo.”

“Safari ile uliyotupeleka kuwinda shambani, nani alimwangusha tandala?”

Akasema taratibu, “Yeye.”

“Na mimi?”

“Weye uliangusha kofia.”

Nono akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilimwona anavyoitazama bunduki ndefu ya mbao nyeusi, ile iliyotoka kwa mjomba wa mjomba. Nikawaza, mila imenipa mimi. Imekataza nini nikishapewa?

“Yomba, kitu kikiwa changu kweli, naweza kumpa nimtakaye?”

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayekagua njia ambayo amepita miaka yote bila kuona ina tawi. “Kikiwa chako,” akasema.

“Basi nipe leo, ungali unaona.”

Akamtuma Nono unga mweupe. Akanipaka viganjani na kwenye paji la uso, kama afanyiwavyo mpwa siku ya urithi, ila urithi huwa na kilio na huu ulikuwa na sufuria jikoni inayoungua. Akahakikisha bunduki ile ndefu haina risasi, akailaza mikononi mwangu. Nikageuka, nikampaka Nono unga kwenye paji la uso, nikamlazia bunduki mikononi mwake. Mjomba akasema, “Shika vizuri, si mwiko huo.”

Kesho yake tulikwenda kituo cha polisi sote watatu, na Nono akaomba leseni kwa jina lake. Zile nyingine mjomba mwenyewe alizipeleka kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye kibali, akaziuza moja baada ya nyingine bila haraka.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Tahadhari kabla ya hatari. Ukiwa na kitu kinachoweza kumdhuru utakayemwachia, usimwachie fumbo. Kipatie mwenyewe, kwa mila na kwa sheria, ungali na pumzi ya kueleza. Na ukiwa kijana, muulize mzee wako kwa adabu, maana kuuliza si ujinga wala si uchuro. Mila usiivunje kabla hujaidadisi. Huenda mlango unaoutafuta umo ndani yake.

Mungu akupe ulimi mpole na wazee wasiokasirika upesi. Na uzee wako ukukute umeshagawa, uliowapa wamekuzunguka mezani.