Nilivyosafisha matundu ya hewa ya nyumba yetu Kolwezi, nikaishia chumbani kwa baba mkwe

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Haya yamenikuta mwenyewe kiangazi hiki. Chumvi sitaongeza, imeshakolea.

Tumepanga nyumba ya zamani, zile zilizojengewa wafanyakazi wa mgodi. Kila chumba kina tundu la hewa karibu na dari. Limetoboa ukuta hadi nje, na kila upande lina kifuniko cha bati chenye vitobo vidogo. Wakati wa joto linapoza nyumba, wakati wa baridi linatoa ile hewa nzito ya ndani.

Shida ni vumbi. Malori ya madini yanapita mbele yetu kutwa nzima. Ukifuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake.

Halafu kiangazi cha huku kina baridi. Nyie mnaodhani Kongo yote ni joto, njooni huku mwezi wa saba, mtarudi na blanketi.

Tunaishi na baba mkwe, mstaafu wa mgodi. Mume wangu yuko kazini Fungurume, anarudi mwisho wa wiki. Baridi ilipokaza, mzee akaziba tundu la chumba chake kwa vitambaa, akaanza kuota moto humo ndani kwa mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa.

Haikupita wiki, akawa anaamka na kichwa kinamuuma, miguu inalegea. Yeye anasema ni vumbi. Mimi nasema ni makala.

Nikamwambia kwa heshima, "Tata, na mbabula mu chumba, hewa itapita wapi?"

"Itapita mu mulango."

"Mulango nayo unafungaka, tata."

"Acha ile bitambala pale, mama. Vumbi njo itaniua mi."

Mjadala ukafungwa. Nikampigia mume wangu simu, akasema tungoje arudi. Nikasema sawa, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Mimi nikiamua jambo, mume wangu mwenyewe huwa ananipisha njia.

Hapa niwaeleze kidogo wasiojua. Kwetu wakwe huitana bukwe, na mkamwana haingii chumba cha baba mkwe. Kitanda chake hukioni. Hata kufagia humo anafagia mjukuu. Si mchezo, watu wamegombana miaka kwa jambo hilo.

Sasa nikawaza: kuingia siwezi, lakini tundu lina kifuniko upande wa nje pia. Nani alisema ukuta wa nje ni wa mzee peke yake?

Asubuhi moja, watoto wameenda shule, nikaazima ngazi kwa jirani yangu Mama Bea. Nikaanza na vyumba vyetu ili mkono uzoee.

Kwa wanaotaka kujaribu: skrubu zikiwa na kutu, tia tone la mafuta ya kupikia, ngoja kidogo, zitalegea. Kifuniko kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, usugue vitobo kwa mswaki mzee. Tundu lenyewe lifute kwa kitambaa kibichi, ukikung'uta vumbi lote litakuingia puani. Na usirudishe kifuniko kikiwa kimelowa. Mimi cha kwanza nilikirudisha hivyo, vumbi likaganda likawa tope, nikaanza upya huku nikijitukana.

Nyuma ya kila kifuniko nikabana kipande cha chandarua, hewa ipite na vumbi lingi libaki. Nilikuwa nimemwandalia mzee jibu lake kabisa.

Kisha nikahamisha ngazi hadi ukuta wa chumba chake, nikidhani mzee ametoka. Nikafungua kifuniko cha nje, nikaingiza waya wenye ndoano, nikavuta. Likatoka shati zima la kazini, jeusi kwa masizi.

Hewa ya moto ikanipiga usoni.

"Tata!"

Nikachungulia kwenye vitobo vya kifuniko cha ndani. Mzee alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimeangukia kifuani, mbabula inawaka miguuni pake. Nikaita tena kwa nguvu. Akatoa sauti kama ya mlevi.

Sikumbuki nilivyoshuka ile ngazi. Nakumbuka niko mbele ya mlango wake na Mama Bea, aliyesikia kelele zangu, amenishika kitenge.

"Weye! Utaingia mu chumba ya bukwe? Ngoja tuite banaume!"

"Banaume bote beko ku kazi!"

Nikausukuma mlango. Ukagoma, mzee alikuwa ameuziba kwa blanketi upande wa chini. Nikaupiga bega mara kadhaa mpaka ukaachia. Wakuu, niliogopa. Niliogopa kifo chake, na niliiogopa aibu pia, vyote pamoja. Nikamshika chini ya kwapa, nikamburuta mpaka uani.

Nje akatapika, akafungua macho. Hapo ndipo nililia.

Tukampeleka hospitali kwa gari la jirani. Wakamwekea hewa ya oksijeni. Daktari akasema makala yakishawaka vizuri hayatoi moshi wa kuonekana, ila hewa yake inakulaza taratibu, na wengi hawaamki.

Mwisho wa wiki familia ikakutana kwetu. Mume wangu alikuwepo, amenyong'onyea kwa lile neno lake la "tungoje". Shangazi yake, mlinzi wa mila zote za ukoo, hakuuliza hata hali ya mgonjwa.

"Uliona kitanda ya bukwe. Utalipa kuku."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa tayari kulipa.

Mzee akainuka taratibu, akaenda uani. Akarudi na jogoo wake mwenyewe, yule anayempenda kuliko sisi sote, akamweka mapajani mwangu.

"Kuku njo hii. Mi njo ninalipa. Tangu leo huyu haiko tena bukwe, ni mutoto yangu."

Shangazi akaomba maji ya kunywa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: baridi ikija, fungueni matundu yenu na myasafishe, na jiko la makala lisilale na mtu. Na mila ni kitu kizuri, lakini iliwekwa na watu walio hai kwa ajili ya watu walio hai.

Sasa niambieni na nyie: huko kwenu, mkamwana angeingia, au angekaa mlangoni kungoja wanaume?