Bi Sukuma na Mimba ya Nne

Ukitaka kumpata Bi Sukuma, usimtafute kwa jina alilopewa na wazazi wake, maana hilo hata wenzake kazini walishalisahau. Ulizia wodi ya wazazi, na pengine hutahitaji kuulizia, kwa kuwa sauti yake utaikuta koridoni kabla hujamwona yeye. Miaka thelathini na moja amesimama miguuni pa vitanda vya uzazi, na neno lake lilikuwa moja tu: "Sukuma!" Akilitoa, hata mlinzi wa getini alijikuta amekaza tumbo.

Alikuwa mkunga hodari, tusimnyime haki yake. Mtoto aliyetanguliza makalio, mtoto aliyejizungusha kitovu shingoni, pacha wa pili aliyegoma kutoka, wote aliwapokea. Madaktari vijana walimvuta pembeni wamuulize, kisha wakarudi kitandani wamejikausha kana kwamba walijua tangu mwanzo. Lakini Mungu akikupa mikono, huenda akasahau kukutilia breki mdomoni. Na mdomo Bi Sukuma alikuwa nao, jamani. Mwanamke akilia kwenye kitanda chake, alitoka na mtoto, na hadithi yake ilifika mtaani kabla yao wote wawili. Yule aliyeng'ata shuka, yule aliyemtukana mumewe mpaka ukoo wa saba, yule aliyemwita Mungu na bosi wake kwa pumzi moja. Majina hakutaja, lakini kwa jinsi alivyojua kuigiza sauti na mwendo, jina la nini tena? Watu walicheka wakashika mbavu, naye akazidisha.

Mtoto wake mwenyewe alikuwa mmoja tu, fundi umeme, aliyemlea peke yake tangu mumewe alipofariki kijana hajaanza hata shule. Huyo fundi akaja akaoa mwalimu wa chekechea, binti mtaratibu, mwenye sauti ya kubembelezea watoto walale. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mama mkwe wake pia. Mwaka wa kwanza Bi Sukuma alisubiri kwa adabu. Wa pili akaanza kuuliza. Ulipofika wa saba alikuwa haulizi tena, anachoma.

Hebu jiweke mahali pake. Mikono iliyopokea watoto wa mji mzima haijawahi kushika mjukuu. Wenzake wodini, wengine aliowafundisha kazi yeye mwenyewe, walionyeshana picha za wajukuu kwenye simu. Naye alitazama, akasema hongera, kisha akaenda kupanga pamba na glavu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ilimuuma sana. Ubaya ni kwamba maumivu yake alikuwa anayatua mgongoni kwa mwenzake. Alisema Mwalimu anatunza kiuno. Alisema kuna watu wanalea wa wenzao mchana kutwa, wa kwao hawana nafasi nao. Fundi akimwambia, Mama, punguza, alimjibu kwamba ukweli haupunguzwi.

Siku aliyovuka mpaka ilikuwa kwenye sherehe ya shangazi yake fundi, aliyekuwa amehamia nyumba mpya. Fundi alikuja peke yake, akasema mkewe yuko kwenye semina ya walimu, wiki nzima. Ilikuwa semina ya tatu katika miaka minne. Watu kama arobaini wamejazana sebuleni, Bi Sukuma na sahani yake mkononi, akapaza sauti.

"Semina, semina! Anasomea nini huko, kuzaa? Basi mwaka huu tena amefeli."

Nyumba nzima iliangua kicheko. Na Mwalimu alikuwa mlangoni, amefika muda ule ule, amejilazimisha kuja ili asisemwe. Alisalimia watu wote, mmoja mmoja, akampa mama mkwe wake shikamoo, akatafuta kiti akaketi. Fundi alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Sukuma aliona haya kidogo, kwa kweli, lakini akajiambia utani ni utani, mtu mzima hamezi kila neno. Akaenda kuongeza chakula.

Ukapita mwaka. Jumanne moja asubuhi wodi ilikuwa imefurika, wengine wawili wawili kitandani, na Bi Sukuma alipangiwa kupokea wanaoingia. Alifungua pazia la kitanda cha mwisho, fomu mkono huu, kalamu mkono huu, na aliyelala pale alikuwa mke wa mwanawe. Mwalimu alikuwa darasani akihesabisha watoto aliposikia uzito chini na ute ukimtoka. Walimu wenzake wakampakia kwenye gari la kwanza lililosimama, na dereva akakimbilia hospitali ya karibu. Angekuwa na nguvu za kubisha, angeomba apelekwe nyingine yoyote.

Walitazamana. Bi Sukuma aliona tumbo, tumbo la miezi mitano lililokuwa likifichwa na magauni mapana. Akashusha macho kwenye fomu, akaanza kusoma maswali yaliyoandikwa pale.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya nne."

Kalamu ikasimama.

"Watoto walio hai?"

"Hakuna."

"Hizo tatu... zilitoka za miezi mingapi?"

"Mitano mitano, Mama. Zote."

"Ulipata uchungu?"

"Hapana. Haziumi. Zinatoka tu."

Fomu inataka na tarehe, akauliza tarehe. Ya tatu ilikuwa mwezi ule wa sherehe ya shangazi, wiki ile ile ya semina. Yule mwanamke aliyesimama mlangoni akampa shikamoo alikuwa ametoka hospitalini siku hiyo hiyo asubuhi. Bi Sukuma aliandika tarehe.

Lakini kilichomchoma zaidi si hicho. Kilichomchoma ni kwamba ugonjwa wenyewe alishaujua kabla hajafika chini ya karatasi. Mimba zinatoka mwezi ule ule, bila uchungu, moja baada ya nyingine. Huo ni mlango wa kizazi uliolegea, mtoto akishakuwa na uzito unashindwa kumbeba. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili angekwambia. Na tiba yake ni uzi tu. Daktari anashona ule mlango mapema, mimba ikiwa ya miezi mitatu, mama anatulia, mtoto anakaa. Wangapi Bi Sukuma amewapeleka kushonwa na leo watoto wao wanamaliza shule?

Sasa kwa nini huyu hakushonwa? Kwa sababu alikuwa anakimbia. Kila mara alikwenda hospitali nyingine, mji mwingine, na kila akiulizwa alisema ni mimba yake ya kwanza. Alijua manesi wanajuana, na kwamba neno likitoka kwa mmoja wao litamfikia Bi Sukuma, na Bi Sukuma ataliigiza sebuleni kwa watu. Kwa hiyo kila daktari aliona mimba moja iliyoharibika, akampa pole, akamwambia ajaribu tena. Mtu mmoja tu angeweza kuyaunganisha yale matatu kwa dakika moja, na ndiye huyo aliyekuwa akikimbiwa.

Mganga hajigangi, lakini siku hiyo Bi Sukuma alijitahidi. Alimpima, akakuta mlango umefunguka vidole viwili, chupa haijapasuka. Maana yake bado mtoto alikuwa na nafasi, ndogo. Alinyanyua kitanda upande wa miguuni kwa matofali, mtoto asizidi kushuka, akamfuata daktari mbio, mama wa miaka hamsini na sita, na ilipofika saa sita Mwalimu alikuwa ameshashonwa. Daktari alisema ni nusu kwa nusu. Alale, asinyanyue hata ndoo, na akae karibu na hospitali mpaka mimba iingie mwezi wa tisa, uzi ukatwe. Nyumba iliyokuwa karibu na hospitali ni moja, ya Bi Sukuma. Mwalimu alifumba macho aliposikia, akasema sawa.

Miezi minne hiyo, ndugu zangu, si mchezo. Bi Sukuma alichukua likizo zake zote alizokuwa amezilimbikiza. Alimpa mgonjwa chumba chake mwenyewe, chenye dirisha, yeye akalala kwenye kochi. Alimwogesha kitandani, akamwaga choo, akamgeuza ubavu huu na huu. Fundi alikuja kila jioni akitoka kazini na kukaa ukingoni mwa kitanda, anahesabu wiki kwa vidole. Na kila Bi Sukuma alipofanya jambo, Mwalimu alisema asante, Mama. Asante, Mama, asubuhi. Asante, Mama, jioni. Wala si kwa dharau, ila hakuongeza neno hata moja, na Bi Sukuma aliyezoea nyumba ya vicheko aliona bora atukanwe.

Mwezi wa saba ulipoanza, uvumilivu ukamwishia. Ilikuwa mchana, anamkata kucha za miguu, akaropoka.

"Ungeniambia tangu ile ya kwanza, leo tungekuwa na mtoto wa chekechea hapa. Mficha uchi hazai, mwanangu. Hukuwahi kusikia?"

Mwalimu alijibu kwa ile sauti yake ya darasani, ya taratibu.

"Nimesikia, Mama. Lakini wewe ulishanivua nguo mbele za watu. Ningekuja kukuvulia nini tena?"

Bi Sukuma aliendelea kukata kucha. Alikata mbili tatu, kisha akaona hazioni vizuri, akaweka mkasi chini. Akasema nisamehe. Neno hilo hakuwa amelitumia muda mrefu, lilitoka limekauka. Mwalimu akasema, "Nimesikia, Mama." Hakusema amesamehe. Halafu akasema ana ombi moja.

"Siku ya kuzaa, usiingie chumbani. Nataka nilie ninavyotaka, bila kuwaza kesho utanisimulia vipi."

Hilo Bi Sukuma hakulitegemea. Alitoka akaenda uani, akafua mashuka yaliyokuwa masafi. Hasira zilimpanda, msidhani aligeuka malaika. Jioni alimbana mwanawe jikoni, akamwambia kwamba wamepita mikononi mwake watoto hata idadi haijui, na huyu mmoja aliyemwombea miaka minane ndiye apokelewe na mtu mwingine? Ni nani aliyenyanyua kile kitanda? Fundi, ambaye siku zote alikuwa akitazama viatu, safari hii alimtazama yeye usoni. Alimwambia, Mama, mke wangu alilia mara tatu huku amejiziba mdomo kwa mto ili majirani wasisikie, wakakuletea habari. Mwache alie.

Siku mbili Bi Sukuma hakumsemesha mtu. Ya tatu alipeleka uji chumbani, akaweka kikombe mezani, akasema, "Sawa. Sitaingia." Kisha akamwuliza kama uji una sukari ya kutosha.

Uzi ulikatwa mwezi wa tisa ulipoingia, na siku nne baadaye uchungu ukaanza, saa moja asubuhi. Bi Sukuma alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha kuzalia, akakabidhi mkoba wa nguo kwa mkunga kijana, akarudi nyuma akaketi kwenye benchi la koridoni. Fundi yeye aliitwa ndani na mkewe. Kila nesi aliyepita alishangaa. Wakamwuliza, wewe Bi Sukuma, mbona uko nje? Mmoja akamletea aproni kabisa, akamwambia apitie mlango wa nyuma, nani atajua. Aliishika ile aproni, akaikunja mara nne, akamrudishia.

"Leo mimi ni mama mkwe tu," akasema.

Ndani Mwalimu alilia. Hakulia kwa sauti ya darasani. Alipiga kelele zilizotoka tumboni, akamtukana fundi umeme, akasema hataki tena, akasema anataka, akawaita wale watatu kwa majina aliyokuwa amewapa na hakuna aliyewahi kuyasikia. Bi Sukuma aliyasikia kwa mara ya kwanza pale kwenye benchi. Wawili walikuwa wa kike, mmoja wa kiume. Kwa masikio tu alijua mtoto ameshuka wapi, alijua yule mkunga kijana anaharakisha kidogo, alijua sasa kichwa, sasa bega. Mikono yake aliikalia.

Kisha mtoto akalia. Sauti kali, ya mapafu mazima.

Bi Sukuma alikuwa ameshasimama kabla hajajijua, ameshafika mlangoni, kiganja kiko kwenye kitasa. Akasimama hapo. Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya wauguzi na wafagizi na wagonjwa wa foleni, na hakuyafuta. Polepole akaondoa mkono, akarudi akaketi.

Mkunga kijana alichungulia, uso umejaa jasho na kicheko.

"Wa kike, Bi Sukuma. Kilo mbili na nusu. Wote wazima." Akasita. Ilionekana hapendi alilotumwa. "Mama yake anasema... anasema bado kidogo. Atakuita."

Bi Sukuma alitikisa kichwa kukubali.

"Mwambie nipo," akasema. "Mwambie asijihimize. Nipo hapa hapa."