Wito wa Kushuka Mto

Siku saba askari walivuta. Siku saba nzima! Mzinga wa tani mbili na ushee, kamba mabegani, matope magotini, mpaka kwenye kilima kinachotazama bonde la Điện Biên Phủ, kaskazini mwa Vietnam, ambako adui zao Wafaransa walikuwa wamejichimbia kuzunguka kiwanja chao cha ndege. Halafu, kombora la kwanza halijapigwa, ikaja amri: rudisheni.

"Turudishe wapi?" Nhưỡng alimaka.

"Ulikotoka," alijibu kamanda Bật, ambaye naye macho yalikuwa mekundu kwa uchovu. "Wakubwa wamepima, wameona tukipiga sasa tutakwisha. Tunajipanga upya."

"Si wangepima kabla mabega yetu hayajachunika?"

Nhưỡng hakuwa mvuta kamba, alikuwa mtoa wito. Kwao, kwenye mto Mã, aliwaimbia wapiga kasia wa mashua za chumvi. Yeye akiita, wao wanavuta pamoja. Jeshini wakampa kamba badala ya makasia. "Mbili, tatu, dô!" na watu mia wanavuta kama mtu mmoja. Mdogo wake, Thuần, kazi yake ilikuwa kuweka gogo chini ya gurudumu kila mzinga uliposogea, usije ukaporomoka. Mama yao aliwaaga kwa kumshika Nhưỡng mkono: "Umwangalie mwenzio. Nawataka mrudi wote wawili." Nhưỡng hakuwa na wasiwasi mwingine duniani zaidi ya huo.

"Wito uleule," Bật akasema. "Ukiita dô, wanalegeza kamba shubiri moja, wanakaza. Thuần atatangulia chini na gogo."

"Kamanda, dô ni kuvuta! Kushuka kuna wito wake."

"Hapa si mtoni. Ita dô."

"Lakini haiingii akilini!"

"Nhưỡng, nimeshasema."

Basi akaita dô siku mbili. Nusu ya watu walilegeza, nusu mikono ikavuta kwa mazoea, kamba ikawa inashtuka-shtuka, na kila iliposhtuka Thuần aliruka pembeni na gogo lake. Hivi huyu Bật ana masikio kweli? Siku ya tatu asubuhi, ukungu umefunga, walikula wali baridi kwa chumvi maana moshi ulikatazwa. Mwaka mpya wa kwao, ule wa kuandama mwezi, ulikuwa unakaribia na wao wako topeni wanarudisha walichopeleka. Jamani, yalimfika shingoni.

Ndipo walipoongezewa watu thelathini kwenye kamba, wote wa mto Mã. Nhưỡng nusura acheke kwa furaha. Hawa wanajua! Kwenye kona kali, bila kumwuliza mtu, akatoa ule wito wa kushuka mto, mrefu, laini, kama anavyouita nyumbani.

Naam, walijua. Mtoni wito ule una maana moja tu: pumzisheni mikono, maji yanabeba. Wote thelathini wakaachia.

Mzinga ukaenda. Kamba ikawachana viganja wale waliobaki wameing'ang'ania. "Dô!" Nhưỡng akapasua koo, "dô! dô!" na watu mia na thelathini wakavuta mpaka mzinga ukasimama ukingoni mwa korongo. Mguu wa Thuần ulikuwa chini ya gurudumu.

Waliukata juu ya goti. Machi mizinga ikanguruma kutoka kwenye mahandaki mapya, Mei Wafaransa wakatoka mikono juu, na sasa kijiji kizima kinakuambia kwamba kule kurudisha mizinga ndiko kulikoshinda vita. Nhưỡng akisikia hivyo anasonya na kuondoka. Ni kweli, na ndiyo maana kunamuudhi. Hana wa kumlaumu. Thuần kila akiulizwa alisema kamba iliteleza, na mama alimwamini.

Nhưỡng alivumilia mpaka mavuno. Asubuhi moja akamkuta mdogo wake kibarazani anasuka kikapu.

"Kamba haikuteleza," alisema. "Niliita vibaya. Bật alinikataza, nikajifanya mjuaji. Nimekukata mguu mimi."

"Najua. Kwani mimi nimezaliwa wapi, kaka?"

"Mbona basi unanifichia, wewe? Si ungesema tu, nitukanwe, yaishe!"

Thuần aliweka kikapu chini.

"Niseme nini? Gogo lilikuwa mkononi mwangu. Nikasikia wito wa kushuka, na mimi nikaliachia."