Mwana wa Kwanza wa Mzinga

Mzinga wa kwanza kuingia nyumbani kwetu ulikuja kichwani mwa mkulima wa ng'ambo ya kijito, asubuhi na mapema, mdomo wake umezibwa kwa majani ya migomba. Baba mkwe wangu aliupokea kama mtu anayepokea ng'ombe. Alivaa koti lake la kanisani, akasimama langoni mwa zizi na fimbo mkononi, kisha akauzunguka mzinga akiutazama mbavu. Nilikuwa nimeolewa pale si zamani, bado natembea macho chini kama inavyompasa bibi arusi, lakini nilicheka nyuma ya kiganja. Sikuwahi kuona mtu akivaa koti kwa ajili ya wadudu.

Nyumba ile ilikuwa ya wafugaji, katika milima ya Masisi inayotazamana na Nyabiondo. Ugonjwa ulikuwa umepita zizini ukatuachia ng'ombe wa kuhesabika kwa vidole, na maziwa ya kuuza yakatoweka. Mkulima wa ng'ambo yeye alikuwa na maharagwe, mihogo, na mizinga ndani ya migomba yake. Ufugaji wa nyuki alifundishwa na wajomba zake wa Walikale, watu wa msituni wanaopanda miti mirefu kutafuta asali nyeusi, chungu kidogo, ambayo ukiionja unaikumbuka mpaka kesho yake. Yeye na baba mkwe walikuwa marafiki kabla sijazaliwa. Enzi za ng'ombe wengi baba mkwe alimpa mtamba, na ndama wa kwanza akarudi kwa aliyetoa, kama desturi inavyotaka. Mtu akikupa ng'ombe kwa namna hiyo, amekupa pia sababu ya kwenda na kurudi kwake. Sasa zizi lilikuwa karibu tupu, na mkulima akaileta desturi ile ile kwa mali aliyokuwa nayo.

"Rafiki," alisema akiutua mzinga, "hii njo ng'ombe yangu. Ikizaa, mutoto ya kwanza itarudia kwangu. Zile zingine zote ziko zako."

"Itarudi," baba mkwe alijibu. "Kama sirudishe, muniite mwizi mbele ya bantu yote."

Walicheka wote wawili, lakini nilimjua baba mkwe. Mtu yule hakuwa na neno la mchezo.

Mzinga wenyewe ulikuwa gogo lililochongwa likabaki wazi kama ngoma, limefungwa nyuma kwa kifuniko cha matete na udongo uliochanganywa na samadi. Tuliuweka juu ya mti wa panda kando ya zizi, mdomo ukitazama jua linakotoka. Mkulima akawa anakuja mara kwa mara kutufundisha, na kwa kuwa wanaume wa nyumba yetu waliogopa kuumwa, mwanafunzi wake wa karibu nikawa mimi. Wanaume ambao fahali hawatishi walikuwa wakichungulia kutoka mlangoni.

Jambo moja tu tulilijua bila kufundishwa, nalo ni moshi. Kila jioni mfugaji huwasha samadi kavu zizini kufukuza nzi, na moshi ule ni wa taratibu, hauchomi macho. Mkulima aliusifu. Alinieleza kwamba nyuki akisikia moshi hudhani msitu unaungua, basi hukimbilia asali, anajaza tumbo tayari kwa safari, na mwenye tumbo lililojaa hana hamu ya ugomvi. Nilimwambia hata mume wangu yuko hivyo hivyo, akacheka mpaka akaketi chini.

Siku ya kwanza aliponifungulia kifuniko nilisahau kuogopa. Masega yalining'inia yamepangana, na kati ya sega na sega palikuwa na nafasi sawa, ya nyuki kupishana migongo, wala hakuna aliyewapimia. Mbele, karibu na mdomo, yalikuwa majana, watoto waliofunikwa vyumbani mwao. Nyuma ilikuwa asali.

"Angalia, Mama," mkulima alisema. "Asali unakata kule nyuma, na unaachia nyuki ya kula. Hapa kwenye iko batoto usiguse. Ukikata batoto, nyumba yote inahama. Hata mie njo ningehama."

Kwa yule mtu nilijifunza kwamba mzinga mzima una mama mmoja, naye ndiye anayetaga mayai yote. Wale wanaofanya kazi wote ni wanawake. Kijana wao huanza kwa kufagia vyumba, kisha hulea watoto, kisha hutoa nta mwilini mwake akajenga, kisha husimama mlangoni kulinda, na mwishoni, akiwa mkubwa, ndipo huruka kwenda mauani mpaka mabawa yachakae. Anakufa yuko kazini. Niliposikia hayo niliwatazama kwa heshima, maana nilijua wanawake wa namna hiyo, na mmoja alikuwa mama yangu.

Baba mkwe naye alijifunza, ila kwa njia yake. Madume wa nyuki, wale wanene wenye macho makubwa, aliwaita mafahali, akawasifu kwa maneno aliyokuwa akiwasifia ng'ombe wake waliokufa. Msimu wa njaa ya maua ulipofika, wafanyakazi wakaanza kuwakokota madume nje na kuwatupa chini. Baba mkwe akaona ni balaa. Akawaokota mmoja mmoja ndani ya kofia yake, akawapandisha mtini na kuwarudisha mlangoni. Walinzi wakawatupa tena. Akawarudisha tena, akiwagombeza walinzi kama wachungaji wabaya, mpaka alipoumwa sikioni. Mkulima alipomweleza kwamba dume hajui kukusanya wala kulinda, na kwamba katika njaa nyuki halishi mtu wa bure, baba mkwe aliikung'uta kofia yake akaivaa. Tangu siku hiyo alipowaona vijana wake wamelala jua likiwa juu, aliwaonyesha kwa kidole ule mti.

Haya yalikuwa miaka michache baada ya uhuru. Polepole watu wa milima wakaanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Kanisani, ambako zamani tulikaa popote, wafugaji wakajikuta benchi za upande mmoja na wakulima upande mwingine, wala hakuna aliyeamuru. Njia ya kijitoni ikaota majani. Mkulima alipunguza kuja, kisha akaacha, na baba mkwe hakwenda. Waliogopa kusemwa na watu wao. Upande wa mkulima watu walisema, "Utaona kama yule atakurudishia kitu. Mzinga umeliwa ule." Maneno hayo yalivuka kijito upesi kuliko watu, yakamfikia baba mkwe. Alipoyasikia hakula jioni ile. Kila asubuhi alisimama chini ya mti akiusubiri mzinga uzae, kwa sababu mwana yule wa kwanza ndiye aliyebaki kuonyesha kama yeye ni rafiki au mwizi.

Mvua zikaja, maharagwe yakatoa maua, na mikaratusi ikanukia. Nyuki walijaa mpaka wakaning'inia nje ya mlango kama ndevu. Ukiweka sikio kwenye gogo ungesikia ndani mlio mwembamba, kama wa filimbi. Mkulima alikuwa amenieleza maana yake zamani: humo ndani mabinti wa malkia wanaitana, na kundi linagawanyika. Nikamkumbuka mama yangu. Kwetu binti ndiye anayefungashwa mizigo akaenda kuanza maisha ugenini. Kwa nyuki, mama mzee ndiye anayeondoka na nusu ya watu wake, anamwachia binti nyumba iliyokamilika, yenye watoto na akiba. Nilipolifahamu jambo hilo niliona wivu kabisa, na nikawapenda nyuki zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua baada ya mvua. Walimwagika mlangoni kama maziwa yanayochemka, wakazunguka hewani kwa kishindo, kisha wakatulia kwenye tawi la mparachichi, fungu moja lenye ukubwa wa kibuyu cha maziwa. Baba mkwe alipiga magoti.

Nilimkumbusha maneno ya rafiki yake: kundi lililotoka likamatwe siku ile ile. Mzinga mtupu ulikuwepo, tumeupaka nta na majani ya kunukia. Nyuki waliotoka wameshiba asali, hawana nyumba ya kutetea, ni wapole kuwapukutisha. Lakini tazama mfugaji alivyofikiri.

"Hapana, mutoto yangu," alisema. "Ng'ombe yenye imezaa leo haitembezwake. Iache ipumuzike. Kesho tutaipeleka. Haraka haraka haina baraka."

Akakataza watoto kupiga kelele. Akaleta kibakuli cha maji, akatia chumvi ya ng'ombe, akakiweka chini ya tawi. Chumvi! Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyethubutu. Mkwe haamrishwi na mke wa mwanawe.

Nilikaa karibu na lile fungu mpaka jua likapungua, nikaona jambo ambalo hata sasa hunisisimua. Juu ya migongo ya wenzao, nyuki wachache walikuwa wakitembea wakitikisa mikia, wakirudi na kurudia mstari ule ule, na wengine wakiwafuata kwa pua. Kisha waliruka kuelekea bondeni. Hao ndio wapelelezi. Mmoja ameona tundu la mti, mwingine mwamba wenye ufa, kila mmoja anatangaza nyumba aliyoiona, na wenzake wanakwenda kuikagua kabla ya kumwamini. Wanashindana hivyo mpaka wote watikise upande mmoja. Maelfu ya viumbe walikubaliana pale bila kutukanana, wakati sisi tulioketi benchi mbili za kanisa moja tulikuwa tumeshindwa.

Kesho yake jua lilipopasha tawi, fungu likalegea, likanguruma, likaondoka. Baba mkwe alikimbia chini yake akiteremka mteremko na koti lake, akipiga mluzi wa kuita ng'ombe. Wanaosema fuata nyuki ule asali hawakumwona yeye akianguka katika maharagwe ya watu. Kundi lilivuka kijito, likapita juu ya migomba ya ng'ambo, likapotea. Aliporudi alikuwa na matope hadi kiunoni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ningeweza kumwambia, ila uso wake ulinifunga mdomo.

"Sasa mie niko mwizi," alisema.

Mama mkwe alimshauri anyamaze, nyuki hawana alama masikioni, nani angejua wamezaa. Alikasirika vibaya sana. Alasiri ile ile akavaa koti lililokaushwa nusu, akaniambia nimfuate kwa kuwa mimi ndiye shahidi, nikabeba kibuyu kidogo cha maziwa, tukashuka kwenye ile njia iliyoota majani. Watu wa pande zote mbili walisimama mashambani wakitutazama.

Tulimkuta mkulima kwenye ua wake. Amezeeka kidogo, na mke wake amesimama nyuma akiwa na jembe. Baba mkwe hakuketi.

"Rafiki, nyuki ilizaa jana. Mie niliiacha ipumuzike kama ng'ombe. Leo imekimbia. Ilipita hapa juu ya nyumba yako. Sina mutoto ya kukupatia. Nimekuya kusema mie mwenyewe, juu usiisikie kwa bengine."

Mkulima alimtazama, akatazama matope ya koti. Kisha uso wake ukafunguka.

"Unalia ya nini? Mutoto ilifika. Niliona ikiteremka, ikaingia mu muzinga yangu. Ilijua njia yenyewe. Kuya uone."

Akatupeleka ndani ya migomba. Alituonyesha mzinga, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka, miguu yao imebeba chavua ya njano. Mdomo wa gogo ulikuwa mweusi, umelainishwa na ulimbo na nyayo nyingi. Niliutazama mara mbili.

Desturi ya pale hairuhusu mgeni kuondoka mdomo mtupu, na nyumbani mwake asali ilikuwa imekwisha. Basi mkulima, kwa furaha tu, akawasha moshi, akafungua kifuniko cha nyuma cha mzinga ule ule, akakata kipande cha sega. Kilitoka cheusi kama kahawa, kizito, kimefunikwa nta kila chumba.

Mkono wake ukasimama hewani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha, pale chini ya mti wetu, kwamba sega la kundi jipya ni jeupe kama maziwa, na kwamba siku ya kwanza humo hamna hata tone. Sega lile lilikuwa limelea vizazi. Mke wake akainamisha kichwa. Nyuki walituzunguka, na mimi nikasubiri kusikia baba mkwe atasema nini, yeye aliyeweza kumkana ng'ombe asiye wake, hata wa rangi ile ile, kwa sababu ya unywele mmoja mkiani.

Alilipokea lile sega kwa mikono miwili. Akaligeuza kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu, machozi yakimteremka bila kuyafuta.

"Njo yenyewe," alisema. "Mutoto yangu naijua. Inafanana na mama yake."

Kisha akalimega, akampa rafiki yake kwanza, halafu mimi, tukala na nta yake, tumesimama pale migombani, na watu wote wa ng'ambo zote mbili wakituona.