Daphne wa Juba Na Bari

Wiki iliyopita wifi yangu alinipigia simu kuuliza kama anaweza kumpa bintiye mchanga jina langu, Daphne. Nilimwambia nitamjibu kesho yake, na hadi leo, rafiki yangu, sijamjibu. Jina si baya. Ila kila nikilifikiria najikuta tena Juba, miaka ile baada ya mkataba wa amani, nimeng'ang'ania mabati ya ua nikichungulia barabarani.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alitandika vitanda hotelini, nasi tulipanga chumba katika mtaa wa Juba Na Bari. Shule zilipofungwa, kila asubuhi aliniachia chapati mbili chini ya sahani, akatoka, akafunga lango kwa kufuli upande wa nje. Alikuwa amesikia habari za mabomu yaliyosalia ardhini na za wanajeshi walevi. Nikinung'unika alisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Hiyo nusu niliila mimi. Bati lilialika kwa joto, jenereta zikanguruma, na watoto wenzangu wakapita wakikimbilia mtoni. Niliwachukia, nakwambia kweli.

Jirani yetu alikuwa mwanamke mzee wa Kibari tuliyemwita Haboba, yaani bibi. Alikaa ukimbizini Uganda miaka mingi, akaokota Kiswahili huko. Mchana alinipitishia kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, kwenye pengo la mabati, akauliza, "Wewe iko mzuri?" Nilijibu niko mzuri, ingawa sikuwa.

Siku moja Mama alileta kitabu cha majina ya watoto kilichosahauliwa na mgeni chumbani. Nilijua yeye alilitoa jina langu kwa nesi aliyemzalisha Nakuru, aliyemshika mkono hadi nikazaliwa. Kitabu kilikuwa na yake. Daphne, kilisema, ni msichana wa hadithi za Ugiriki, binti wa mto. Mungu mmoja alimtamani, akamkimbiza, na msichana alipoishiwa pumzi alimlilia baba yake, huo mto. Baba akamwokoa kwa kumgeuza mti, ule ambao majani yake makavu watu hutia kwenye pilau. Nililia sana. Niliona kumbe kukaa ndani ya ua nimeandikiwa tangu kuzaliwa.

Nilimsimulia Haboba kupitia pengo letu. Aliendelea kusugua sufuria, kisha akasema, "Baba yake iko mto mzima, halafu anafanya yeye mti? Si angemvusha? Mimi watoto yangu nilivusha."

Jioni nilimweleza Mama yote, nikaongeza langu: "Mama, umenifanya mti." Nilingoja kofi. Mama aliketi juu ya ndoo, viatu bado mguuni, akalia. Alisema hajui njia nyingine ya kunilinda. Asubuhi yake, kabla ya kwenda kazini, alipitisha ufunguo kwenye pengo la mabati.

Haboba alinifungulia, akanishika kifundo cha mkono, tukaenda mtoni kufua. Njiani alinionyesha pa kukanyaga na pa kuacha.

Nasikia sasa pale tulipoishi pana maghala. Vita viliporudi sisi tulikuwa tumeshahamia Nakuru, na Haboba sijui alivukia wapi. Nimewauliza Wakenya waliobaki Juba wanisaidie kumtafuta. Wote huniuliza anaitwa nani. Jina langu nalijua hadi Ugiriki. Lake sikuwahi kumuuliza.